Mlango Namba 25565

Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 2016, watu wa mashariki mwa Marekani waliamka wakakuta Twitter haifunguki. Netflix nayo kimya, Reddit kimya. Kampuni iliyoshambuliwa haikuwa hata moja kati ya hizo. Ilikuwa Dyn, ya mji wa Manchester katika jimbo la New Hampshire, ambayo kazi yake ilikuwa kuijulisha kompyuta ya mtumiaji kwamba tovuti yenye jina fulani inakaa kwenye anwani fulani. Asiyepewa anwani hafiki. Siku hiyo kila mtu alikuwa na mshukiwa wake: wengine walitaja Urusi, wengine China, wengine uchaguzi wa Marekani uliokuwa umebakiza wiki chache. Silaha iliyotumika ilipofuatiliwa hadi kwa walioiunda, hakukutwa jeshi wala jasusi. Walikutwa vijana watatu wa Kimarekani waliokuwa wakigombania biashara ya seva za Minecraft.

Naisimulia habari hii kwa sababu jambo lenyewe limeshabisha hodi majumbani kwetu. Likizo inaanza, mtoto wa kidato cha pili anamfuata baba yake sebuleni. "Shikamoo baba. Naomba paswedi ya ruta, nataka kufungua seva tucheze na wenzangu." Baba, ambaye ruta hiyo alifungiwa na fundi na hajaigusa tangu siku hiyo, anajibu macho yakiwa kwenye taarifa ya habari: "Marahaba. Ni admin, admin. Hatujawahi kubadilisha." Jibu hilo la baba tutalirudia, maana vijana wale watatu walilijua kabla hajalitoa.

Kwanza seva yenyewe. Minecraft, mchezo ulioanzishwa na Msweden Markus Persson mwaka 2009 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, ni dunia ya matofali ambamo mchezaji anachimba, anajenga, anafuga, na usiku anakimbizwa na mazombi. Ukicheza peke yako, dunia hiyo inakaa ndani ya kompyuta yako. Ukitaka kucheza na wenzako walio mbali, sharti ipatikane kompyuta moja ya kuibeba dunia ya wote, na hiyo ndiyo seva. Programu yake inatolewa bure na wenye mchezo. Unaipakua, unaiwasha, inagoma mpaka ufungue faili dogo na kuandika humo kwamba umeyakubali masharti, kisha inaumba dunia mpya na kutulia ikingoja wageni kwenye mlango namba 25565.

Huo mlango ndio wa kuuelewa. Anwani ya intaneti ya nyumbani kwako ni sawa na namba ya nyumba, ila nyumba hii ina milango zaidi ya 65,000, na karibu yote ruta imeifunga kwa nje. Rafiki aliyeko Mwanza hawezi kuifikia kompyuta iliyoko Tabata mpaka mwenye nyumba aingie kwenye ruta na kuiagiza: anayebisha 25565, mpeleke kwenye kompyuta ile. Mafundi huiita kazi hiyo kupitisha poti. Ni kazi ya dakika chache, na kijana anayeifanya mimi namsifu. Katika likizo moja atajua anwani za mtandao zinavyogawiwa, Java, lugha ambayo seva hiyo imeandikwa kwayo, inavyokula kumbukumbu ya kompyuta, na namna ya kusoma ujumbe wa hitilafu mpaka mwisho badala ya kuzima na kuwasha. Mzazi anayelalamika kwamba mtoto "anapoteza muda" ameikosa hatari ilipo. Hatari imo katika kauli nyingine, ambayo mzazi na mtoto huitoa kwa pamoja bila kugombana: hii ni gemu tu.

Paras Jha, wa Fanwood huko New Jersey, naye alianzia hapo. Alijifundisha kuandika programu akiwa kijana mdogo, akaendesha seva za Minecraft. Kule biashara hiyo si ya kununulia soda. Seva yenye wachezaji wengi huuza vyeo, mavazi na vifaa vya ndani ya mchezo, na zilizostawi ziliweza kuingiza makumi ya maelfu ya dola kwa mwezi. Wateja wake lakini hawana subira: mchezo ukianza kukwama, wanahamia seva ya pili, na wakihama hawarudi upesi. Basi njia ya mkato ya kupata wachezaji ikawa kuiangusha seva ya mshindani. Unaimiminia maombi ya uongo kutoka mashine maelfu kwa wakati mmoja mpaka inashindwa kuwasikia wachezaji wa kweli. Tuliite shambulio la mafuriko. Seva za Jha zilipigwa hivyo, akajifunza kuzikinga. Na aliyejua vizuri kuyakinga mafuriko amekwisha kujua pia yanatoka wapi na yanafunguliwaje.

Akiwa na Josiah White wa Pennsylvania, alianzisha kampuni iliyoitwa ProTraf Solutions, ya kuwauzia wenye seva kinga dhidi ya mafuriko hayo. Wa tatu alikuwa Dalton Norman wa Louisiana. Walipofikishwa mahakamani wawili walikuwa na miaka 21 na mmoja 20. Wakati huohuo Jha alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rutgers, na tangu Novemba 2014 hadi Septemba 2016 alikuwa akikishambulia chuo chake mwenyewe, akiangusha mfumo ambao wanafunzi na walimu waliupitia kupokea na kukabidhi kazi za masomo. Mtu huyu mchana yumo darasani, jioni anauza kinga, na katikati ya hayo anafungua mafuriko. Sidhani aliamka asubuhi moja akaamua kuwa mhalifu. Alipanda ngazi moja moja, na kila ngazi ilifanana na mchezo uliotangulia.

Mwaka 2016 waliunda programu iitwayo Mirai, na ikaanza kusambaa mwanzoni mwa Agosti. Lengo la awali, kwa maelezo ya wapelelezi wa FBI, lilikuwa kuwapiku washindani katika soko la Minecraft. Wadukuzi wengi waliotangulia walitafuta kompyuta za kuteka. Hawa walitafuta vitu ambavyo mwenye navyo haviiti kompyuta: kamera za ulinzi, visanduku vinavyorekodi picha za kamera hizo, ruta za nyumbani. Kila kimoja kina kompyuta ndogo ndani, kinawaka usiku na mchana, na hakuna anayekikagua maadamu picha inaonekana. Mirai ilizunguka intaneti ikibisha hasa mlango namba 23, unaotumiwa na teleneti, njia ya kizamani ya kuiamrisha mashine kutoka mbali. Palipofunguka ilijaribu majina na maneno ya siri kutoka kwenye orodha ya jozi sitini na kitu.

Jozi hizo hazikuvumbuliwa kwa ujanja wowote. Zilikuwa maneno ya siri ya kiwandani, yale yanayokuja na kifaa ndani ya boksi: root na xc3511, root na 888888, na vilevile admin na admin. Katika saa 20 za kwanza vifaa kama 65,000 vilikuwa vimetekwa. Mwenye kamera hakuona tofauti. Kamera iliendelea kuonyesha geti, ruta iliendelea kuleta intaneti, labda nzito kidogo, na nani asiyezoea intaneti nzito? Baba wa sebuleni anaamini kwamba neno lake la siri ni dhaifu lakini ni lake, kwa kuwa hajamtajia mtu. Kumbe limeandikwa kwenye kitabu cha kifaa, na kitabu hicho kila mtu duniani anaweza kukisoma.

Septemba 2016 yalifuata mashambulio ambayo wakati huo yalikuwa hayajapata kuonekana kwa ukubwa. Tovuti ya Brian Krebs, mwandishi wa habari za uhalifu wa mtandaoni, ilimiminiwa gigabiti 620 kwa sekunde, hata kampuni ya Akamai, iliyokuwa ikimlinda bure, ikambwaga. Akahamia chini ya ulinzi wa Google. Siku hizohizo kampuni ya Ufaransa ya OVH, inayopangisha seva nyingi zikiwemo za Minecraft, ilipigwa kwa zaidi ya terabiti 1 kwa sekunde, na mwanzilishi wake Octave Klaba akatangaza idadi ya vifaa vilivyohusika: kamera na visanduku vya kurekodia 145,607. Fikiria kamera za maduka na za nyumba za watu, kila moja ikisaidia kuzamisha seva ambayo mwenye kamera hajawahi kuisikia.

Mwishoni mwa mwezi huo Jha, akijificha nyuma ya jina la bandia, aliimwaga hadharani programu nzima ya Mirai ili mtu yeyote aichukue. Ilipokuwa mikononi mwa wengi, kukutwa nayo kusingekuwa ushahidi dhidi yake. Kwangu hilo ndilo kosa lake baya kuliko yote. Mafuriko ya Rutgers yalikuwa na mwisho. Hili halikuwa nao. Waliolipiga shambulio la Dyn la Oktoba hawakuwa wao watatu, walikuwa watu waliookota silaha njiani. Mmoja wao, aliyekuwa bado mtoto kisheria alipolifanya, alikiri kosa Desemba 2020. Alichokuwa akikilenga? Mtandao wa michezo wa PlayStation. Twitter na Netflix zilipotea asubuhi ile kwa kupitiwa tu na wimbi lililokuwa likiwaendea wachezaji.

Mwingine aliyeiokota ni Mwingereza Daniel Kaye, na huyu ndiye aliyeileta Afrika. Alilipwa na mtu wa upande wa ushindani aiangushe kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, akafanya hivyo kwa Mirai aliyoigeuza mwenyewe. Novemba 2016, katika kuteka vifaa vya kumwongezea nguvu, alizikwamisha ruta zaidi ya 900,000 za wateja wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani. Familia zikakosa simu na intaneti kwa sababu ya ugomvi wa makampuni mawili ya Monrovia. Alihukumiwa Ujerumani mwaka 2017 kifungo cha nje, kisha Uingereza Januari 2019 kifungo cha miezi 32.

Jha, White na Norman walikiri makosa Desemba 2017. Septemba mwaka uliofuata, mahakama ya Anchorage huko Alaska iliwapa kila mmoja miaka mitano ya uangalizi, saa 2,500 za kazi ya jamii na fidia ya dola 127,000. Hawakufungwa, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuanza kuwasaidia FBI kuwakamata wengine. Wapo walioiona adhabu hiyo kuwa nyepesi. Wangoje ya New Jersey: mwezi uliofuata, kwa mashambulio ya Rutgers, Jha peke yake aliamriwa kukaa kizuizini nyumbani miezi sita na kulipa fidia ya dola milioni 8.6. Kwa kijana wa umri ule hilo ni deni la kuzeeka nalo. Na kwa anayedhani hayo ni mambo ya Marekani, Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote mbili zinahesabu kuwa kosa kuingilia au kuvuruga mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini. Hazikutenga kifungu cha waliokuwa wakicheza.

Sasa turudi Tabata, kwa kijana mwenye nia njema asiyetaka kumshambulia mtu. Kosa lake la kwanza ni kuamini kwamba hakuna anayemjua. Seva ni ya marafiki wanne, anwani wameandikiana wenyewe kwenye kundi la WhatsApp, nani mwingine ataijua? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap inayoweza kubisha mlango mmoja wa kila anwani ya intaneti ya mfumo wa kawaida, anwani karibu bilioni 4, kwa muda usiofika dakika 45, kwa kutumia kompyuta moja yenye mtandao mzuri. Hakuna haja ya kukujua. Wanabisha kila nyumba, ya kwako ikiwemo. Wapo watu ambao burudani yao ni kutafuta seva za Minecraft zilizofunguliwa namna hii, kuingia, na kuteketeza kijiji ambacho watoto wamekijenga mwezi mzima. Seva mpya huja na orodha ya waalikwa ikiwa imezimwa. Kwenye faili la mipangilio, mstari wa white-list unasomeka false. Ugeuze uwe true kabla hujapitisha poti, kisha uandike majina ya wenzako.

Kosa la pili ni letu zaidi, na walimu wa mambo haya walioko Ulaya hawalisisitizi inavyotakiwa kwa sababu kwao si kubwa hivyo. Toleo halali la Minecraft la kompyuta linauzwa kama dola 30 na linataka kadi ya benki. Watoto wengi wa hapa hawana kadi wala dola 30, kwa hiyo wanacheza nakala zilizovunjwa kufuli. Nakala hizo hazikubaliwi na seva ya kawaida, kwa kuwa seva humuuliza Microsoft kama mgeni huyu ndiye anayejitaja. Mwenye seva anaambiwa na wenzake: badili online-mode iwe false, tutaingia. Anabadili, wanaingia, furaha. Asichoambiwa ni kwamba kuanzia saa hiyo seva imeacha kumuuliza mtu kitambulisho. Anayejiita Juma ni Juma. Ikiwa mwenye seva anatumia jina fulani na amejipa madaraka yote ya kuamuru, mtu yeyote anayelijua jina hilo anaingia nalo na kupokelewa kama mwenye nyumba, na ile orodha ya waalikwa inampisha kwa heshima. Ndiyo maana utasikia kijana akiapa kwamba "alidukuliwa" na mtaalamu. Hakuna mtaalamu aliyehitajika. Kama uwezo wa kununua haupo, na mara nyingi haupo, chezeni ndani ya mtandao wa nyumba moja bila kupitisha poti yoyote. Mchezo wenyewe una kitufe cha kuwafungulia walio kwenye Wi-Fi ile ile. Mkusanyike kwa mmoja wenu, mama atawapikia chapati.

La tatu lilimkuta hata aliyefanya kila kitu sawasawa. Alhamisi ya tarehe 9 Desemba 2021, habari zilizagaa kwamba seva ya Minecraft inaweza kutekwa kwa sentensi moja iliyoandikwa kwenye soga ya mchezo. Si faili, si programu: sentensi. Seva hiyo imeandikwa kwa Java, na kama maelfu ya programu nyingine za Java ilitumia kifaa kiitwacho Log4j kuandika kumbukumbu ya kila linalotokea, yakiwemo maneno ya wachezaji. Ikagundulika kwamba Log4j ikikuta maneno yaliyopangwa kwa namna fulani ndani ya mabano, haiyaandiki tu, inayatii: inakwenda kwenye anwani iliyotajwa, inachukua programu iliyoko huko na kuiendesha. Mchezaji anaandika mstari mmoja, kompyuta ya baba, yenye hati za mishahara ya ofisi na picha za harusi, inakuwa ya mtu mwingine. Mtaalamu wa Alibaba alikuwa amewaarifu wenye Log4j wiki mbili nyuma, kimyakimya, lakini walimwengu wengi waliijua hitilafu hiyo siku ile kupitia Minecraft. Toleo la 1.18.1 lenye tiba lilitoka kesho yake, tarehe 10.

Aliyesasisha seva yake siku hiyo alipona. Aliyesema "dunia yetu iko toleo la zamani, tukisasisha zitaharibika nyongeza zetu" alibaki na mlango wazi. Hapo nina ushauri ambao vijana hawaupendi: seva isikae kwenye kompyuta yenye kitu cha maana. Tafuta laptopu kuukuu, hata ile yenye kioo kilichovunjika, iwe ya kazi hiyo peke yake, na programu iendeshwe na akaunti isiyo na mamlaka juu ya mashine nzima. Watakaoingia kwa nguvu wakute chumba kitupu. Nyongeza nazo zipakuliwe kwa uchache. Juni 2023 kirusi kilichopewa jina la Fractureiser kilikutwa ndani ya nyongeza zilizokuwa zikisambazwa na CurseForge na Bukkit, tovuti ambazo kila mchezaji aliziamini, kikiiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye vivinjari.

(Kuna adui mwingine asiye na kompyuta kabisa, naye ni umeme. Ukikatika wakati seva inahifadhi dunia, faili huharibika, na kilio cha watoto wa jirani utakisikia mpaka barabarani. Nakili folda ya dunia kila jioni kwenye flashi. Basi, tuendelee.)

Wengi watafuata hatua zote za kupitisha poti na rafiki wa Mwanza bado hataingia. Sababu kwa kawaida haiko nyumbani. Anwani za mfumo wa kawaida zimekwisha kuwa adimu, kwa hiyo kampuni nyingi za simu na za intaneti huwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja. Ingia kwenye ruta, uitazame anwani iliyopewa kwa upande wa nje. Ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, uko kwenye kundi hilo, na hakuna poti utakayopitisha ikafika popote. Mtaani watakushauri uombe anwani yako binafsi kwa malipo ya ziada. Mimi nasema umshukuru Mungu kwa ukuta huo, kisha utumie njia ambayo hata mwenye anwani yake angepaswa kuitumia: mtandao wa faragha kati ya kompyuta zenu, kwa programu kama Tailscale. Tailscale kwa kundi dogo haina malipo. Kila rafiki anaiweka kwenye mashine yake, mnaonana kana kwamba mko chumba kimoja, na ukiwa nyuma ya anwani ya pamoja ruta yako haipitishiwi poti hata moja. ZMap ikipita inakuta ukuta.

Lakini kijana hajasoma haya. Anwani yake si ya pamoja, ila poti ameipitisha vibaya ikakataa, wenzake wanangoja, bando la mmoja wao linaisha saa sita usiku. Anapekua ukurasa wa ruta, anakuta mahali pameandikwa DMZ, anakumbuka kuna mtu alimwambia kwamba hiyo "inamaliza matatizo yote". Ni kweli inayamaliza. Inaiagiza ruta kwamba anayebisha mlango wowote kati ya ile zaidi ya 65,000, mradi haujapewa maagizo yake, apelekwe kwenye kifaa chenye anwani fulani ya ndani, tuseme kile cha 192.168.1.5. Rafiki wa Mwanza anaingia papo hapo. Watoto wanacheza likizo nzima.

Shule zinafunguliwa, laptopu inazimwa, hakuna anayeikumbuka tena ruta. Anwani za ndani huwa ruta inazigawa upya: kifaa kikiondoka, anwani yake inaweza kupewa kingine. Mwezi wa tatu baba anamwita fundi afunge kamera nne na kisanduku cha kurekodia, maana mtaani kumeingia wezi. Fundi anachomeka, ruta inakipa kisanduku anwani iliyo wazi, 192.168.1.5. Kina teleneti kwenye mlango namba 23 na neno la siri la kiwandani, na tangu siku hiyo kila anayebisha kutoka nje analetwa moja kwa moja kwake. Matoleo yaliyozaliwa na ile Mirai iliyomwagwa mwaka 2016 hadi leo hayajaacha kubisha.

Kwa hiyo kabla ya kumpa mtoto paswedi ya ruta, au kama ulishampa likizo iliyopita, ingia wewe mwenyewe. Badilisha ile admin ya kiwandani. Fungua ukurasa wa DMZ, ukikuta imewashwa izime. Nenda kwenye orodha ya poti zilizopitishwa, ufute ambazo hakuna mtu nyumbani anayeweza kukueleza ni za nini. Zima UPnP, inayoruhusu vifaa vijifungulie poti vyenyewe bila kukuuliza. Halafu mwite fundi wa kamera arudi aweke neno jipya la siri kwenye kile kisanduku, nawe usimame karibu mpaka aandike.